Kumcheki Baba

Kuna neno la Kiingereza ambalo sisi watu wa Kariakoo tulilichukua zamani na hatuna mpango wa kulirudisha. Neno lenyewe ni kucheki. Wenye nalo sijui wanalitumia kwa mangapi, lakini kwetu halipumziki. Mimi nauza mapazia kwenye fremu ndogo ya duka, ndani ya korido ndefu isiyofikiwa na jua, karibu na Mtaa wa Msimbazi, na kutwa nzima nalisikia likipita na maana zake.

Machinga anayetembeza soksi anasema, "Dada, cheki mzigo," yaani angalia. Mteja anashika pazia, analivuta, analinusa kabisa, anauliza bei, kisha anasema, "Poa, nitakucheki." Huyo harudi. Ukitaka kwenda msalani unamwambia jirani, "Nichekie duka," naye anakalia kiti chako na kuuza mali yako kwa bidii kuliko unavyouza wewe. Ukishika kichwa unaambiwa kacheki presha. Na shoga yako mliyepotezana, mkigongana njiani, atakukumbatia na kukwambia, "Nicheki basi!" wala hakuombi namba.

Nilikuwa nalipenda neno hilo kwa wepesi wake. Halimfungi mtu. Unaweza kuahidi kumcheki nusu ya Dar es Salaam asubuhi na jioni ukalala usingizi wako bila deni. Siku hizi nikilisikia sioni tena wepesi huo, na chanzo chake ni baba.

Baba aliteremka kutoka Kilimanjaro akiwa kijana, akapata kazi reli, na huko ndiko alikolikuta neno hilo, kwa wakubwa wake wa karakana. Kwake lilikuwa na maana moja tu. Kazi yake ilikuwa kupita kando ya mabehewa yaliyosimama, mkononi ana nyundo yenye mpini mrefu, anagonga gurudumu moja baada ya jingine. Nilipokuwa mdogo mama alinituma mara kwa mara kumpelekea chakula, na akiwa na furaha alinipa nyundo ile nigonge na mimi. Nilipenda kugonga haraka haraka nisikie mlio. Alinikemea. Alisema gurudumu zima linalia sauti ndefu, na lenye ufa linalia sauti fupi, bubu, lakini huwezi kuijua tofauti kama mkono wako hautulii.

"Unagonga, halafu unanyamaza," aliniambia. "Kila mtu anajua kugonga. Kazi ipo kwenye kunyamaza."

Alikuwa mtu wa maneno makali, na alizungumza kwa sauti ya juu kama vile injini bado inanguruma pembeni yake. Mama alipofariki nilimwomba aje kukaa kwangu, akakataa. Nikamwomba tena, akanuna. Alichukua chumba kwenye nyumba moja ya uani, mtaa wa Gerezani, katikati ya mafundi na vipuri, kwa sababu tu aliweza kusikia treni kutoka kitandani. Mlango wake ulikuwa wa bati zito la chuma, na aliufunga kwa komeo hata mchana. Dirishani nilimwekea pazia zito kuliko yote dukani, la kuzuia jua. Sikumuuliza kama analitaka.

Kila asubuhi nikishafungua duka nilimpigia simu. Mazungumzo yetu yalikuwa haya haya:

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umefungua?"

"Nimefungua."

"Chai umekunywa?"

"Nitakunywa."

"Haya. Mimi nipo."

Akakata. Hilo "mimi nipo" ndilo nililokuwa nikilitafuta, yaliyobaki yalikuwa njia ya kulifikia. Siku moja nilikosea nikamwambia nimepiga kumcheki tu. Aliwaka. "Unanicheki na nini? Umekaa Kariakoo na mapazia yako, mimi niko Gerezani, mkono wako umegusa wapi?" Nilicheka. Nilimwona mzee anayetaka kugombana na simu.

Asubuhi ninayotaka kuieleza simu iliita mpaka ikajikatia. Nikapiga tena, hivyo hivyo. Nilijiambia yupo bafuni. Bafu la pale liko mwisho wa ua na baba huoga taratibu, kwa hiyo nikampa muda, nikapanga mapazia ya maua mbele na yale yasiyonunuliwa nyuma. Nikapiga tena. Simu ikaita.

Mbele ya ua ule kuna fundi rejeta, mtu wa makamo, mcheshi, anayeziba rejeta za magari kwa moto wa gesi. Namba yake nilikuwa nayo. Nikampigia.

"Dada, usiwe na presha," akasema. "Mzee nimemcheki muda si mrefu. Yupo poa."

Nikashusha pumzi. Nilimshukuru hadi akaona aibu. Akaingia mteja, binti anayekaribia kuolewa na shangazi yake, wakitaka pazia za kwenda na makochi ambayo hawajayanunua bado. Shangazi alijua kila kitu. Nilipima, nikakunjua, nikakunja, nikawachekesha, lakini mikono yangu ilikuwa inafanya kazi peke yake. Kwa nini simu yenyewe haipokelewi, kama mtu yupo poa?

Nikampigia baba mbele yao. Haikupokelewa. Nikampigia fundi tena, na safari hii kabla hajasema lolote nikasikia nyuma yake nyundo za Gerezani, na nyuma ya nyundo muziki. Wimbo wa mapenzi, mwanaume analia kwamba ameachwa.

"Hiyo redio ya nani?"

"Ya mzee. Inapiga tangu asubuhi. Leo kachangamka!"

"Umemwona kwa macho?"

"Nimeisikia redio, dada."

Baba hakuwa mtu wa muziki wa redio. Alifungua taarifa ya habari, akasikiliza huku akiwatukana viongozi wa nchi za watu, na msomaji alipokuwa bado anaaga kwamba yeye ni fulani, baba alikuwa ameshamzima. Muziki aliuita kelele za wasio na kazi. Redio yake kuendelea kuimba baada ya habari ilikuwa na maana moja, kwamba hakuna mkono uliofika kwenye kitufe.

Niliwaacha binti na shangazi yake na pazia likiwa limetandazwa magotini kwao. Duka linalopakana na langu ni la mzee mmoja wa Kihindi, anauza vitambaa vya kushona, na babu yake aliuza vitambaa hapo hapo. Kila asubuhi huwasha udi mbele ya picha ya mungu wake, kisha hukaa, na akishakaa si rahisi umwone amesimama mpaka jioni. Aliniona usoni.

"Nini?"

"Baba hapokei simu."

Akasimama. "Nenda. Duka nakuchekia mimi. Nenda, mama, nenda."

Nilitoka na malapa ya dukani. Niliogopa. Sina namna ya kulipamba hilo. Kutoka Kariakoo hadi Gerezani si mbali, watu hutembea kila siku na mizigo kichwani, lakini siku hiyo kila mkokoteni ulikuwa umepangwa mbele yangu makusudi. Kilichonitisha kuliko vyote ni kichwa changu mwenyewe. Kilikuwa kimeshaanza kupanga. Nani atamwambia shangazi kule Moshi. Nani ana gari la kusafirisha. Ile suti yake ya kahawia iko wapi. Nilikichukia kichwa hicho, nikakiambia kwa sauti kinyamaze, na mama mmoja muuza ndizi akanipisha njia.

Kwenye barabara ya mabasi ya mwendokasi nilikatiza bila kuangalia, basi likanipigia honi ndefu. Ng'ambo ya barabara kijana akaniinulia viatu usoni. "Dada, cheki raba! Cheki raba kali!" Nilitaka kumzaba kofi. Hakuwa na kosa lolote.

Nilipoingia uani fundi rejeta alikuwa ameshazima moto wake, amesimama mbele ya mlango wa baba, kofia mkononi. Kofia huvuliwa msibani. Nikagonga mlango kwa viganja vyote viwili, nikaita, "Baba! Baba!" Ndani yule mwanaume aliyeachwa alikuwa ameshampisha mwingine, naye pia akilia mapenzi. Nilikimbilia dirishani. Wavu, nondo, na nyuma yake pazia langu. Nilivunja kijiti nikijaribu kulisukuma, halikusogea. Nilikuwa nimechagua vizuri, halikupitisha hata uzi wa mwanga.

Mafundi wa jirani walikuwa wanaingia mmoja mmoja. Mlango ule hufunguka kuelekea ndani.

"Sogea, dada," fundi akasema, akarudi nyuma kujipimia. "Naupiga teke, komeo litang'oka."

"Upige!" wakasema wengine.

Nikasema, "Subiri."

Watu huniambia kwamba hapo nilitumia akili. Akili sikuwa nayo. Nilichokuwa nacho ni woga. Mlango ukiwa umefungwa, baba alikuwa bado yupo. Ukifunguka, ningejua. Nilitaka ubaki umefungwa kidogo tu, kama mtoto anayeomba asiamshwe, na kwa sababu sikuwa na kisingizio nikaokota nyundo ya fundi chini, nikainama, nikagonga mlango taratibu. Mkono ukafanya ulichofundishwa. Ukagonga, ukatulia.

Sikusikia kitu. Gerezani huwezi kusikia kitu. Kulia wanagonga bodi za magari, kushoto wanagonga springi, na ndani redio.

"Nyamazeni," nikasema. Hakuna aliyeelewa. Nikapiga kelele, "Jamani, naomba mnyamaze! Waambieni waache kugonga!"

Fundi aliniangalia kama mtu aliyerukwa na akili, lakini alikwenda. Nilimsikia akiwaita mafundi wa upande wa pili kwa majina yao ya utani, na nyundo zikaanza kukoma, moja, nyingine, mpaka ya mbali kabisa iliyokuwa haijapata taarifa. Kisha akaenda kwenye swichi kubwa ya ukutani, akakata umeme wa nyumba nzima. Redio ikafa katikati ya neno. Sijawahi kuisikia Gerezani imenyamaza hivyo, wala sitaki kuisikia tena.

Niligonga. Nikanyamaza.

Hakuna.

Niligonga tena, chini zaidi, karibu na kizingiti. Nikanyamaza. Nilisikia damu yangu masikioni. Nilisikia mtu nyuma yangu akimeza mate. Nikaanza kulia bila sauti kwa sababu sauti ingeharibu ule ukimya.

Ndipo kitu kikalia. Kidogo, cha bati, chini kabisa, usawa wa vidole vya miguu yangu. Kikalia tena.

"Yupo hapa hapa," fundi akanong'ona. "Kalalia mlango."

Tulitazamana. Aliutazama mguu wake, ule aliokuwa ameuandaa kwa teke, akachuchumaa, akashika kichwa kwa mikono miwili. Kisha akainuka, akavuta mtungi wake wa gesi hadi dirishani. Tulichana wavu, nikaling'oa lile pazia kwa mikono yangu, likaanguka na fimbo yake, na mwanga ukaingia.

Baba alikuwa amelala ubavu, kichwa kimegusa mlango, sehemu ile ile ambayo buti lingefika. Mkono wa kulia ulikuwa chini yake, umekunjwa vibaya. Wa kushoto ulishika kikombe cha bati. Macho yalikuwa wazi, yanatuangalia. Mdomo ulijaribu kusema na ukaenda upande. Nilijua alichotaka kusema.

Fundi alikata nondo, akaingia, akamsogeza baba kwa upole ambao sikuudhania kwake, kisha akafungua komeo. Tulimpakia kwenye bajaji. Njia nzima nilishika ule mkono uliokufa nikiusugua, nikimwambia mambo ya ajabu, kwamba shangazi wa yule binti alitaka pazia za zambarau.

Hospitali walisema ni kiharusi. Walimcheki presha, wakamcheki sukari, wakampeleka kupiga picha ya kichwa, na kila mlango ulipofunguliwa nilisimama, na kila nesi aliyetoka hakuwa amenifuata mimi. Nilikaa pale kwa woga wa aina nyingine, usiokimbia wala kutetemeka, unaokaa nawe kwenye benchi kama ndugu. Daktari aliniambia kwamba amewahi, lakini si sana. Niliuliza maana yake. Akaniambia, "Mama, twende naye siku kwa siku."

Niliporudi Kariakoo nilikuta duka langu limefagiliwa. Yule mzee alikuwa akilifungua kila asubuhi baada ya udi wake, akikaa siku nzima kwenye kiti changu kibovu huku mtoto wake akiuza upande wake. Binti na shangazi walikuwa wamenunua pazia za zambarau. Nilimshukuru, akapunga mkono kama anafukuza nzi, akauliza, "Baba anakula?" Nikasema anakula. Akarudi kukaa. Fundi rejeta naye, nasikia, siku hizi hawezi kuondoka uani jioni bila kugonga milango ya wapangaji mpaka wamjibu, na wengine wanamtukana.

Baba sasa anaishi kwangu. Safari hii hakubishana, na hilo liliniuma, kwa sababu baba wa kweli angebishana. Alikuja na kitanda chake cha chuma. Maneno hayajarudi, ila sauti moja mbili ambazo mimi na mwanangu wa kike tunazigombania maana. Simu haina kazi tena kati yetu. Kwa hiyo asubuhi, kabla ya kwenda dukani, naingia chumbani kwake, nasema shikamoo, nagonga nguzo ya kitanda kwa funguo za duka, na nanyamaza. Yeye ana kijiko mkono wa kushoto. Anagonga chuma cha ubavuni. Hapo naenda.

Mwanzoni alijibu upesi, funguo zangu hazijamaliza kulia. Baadaye akaanza kuchelewa, na nilimwona nusu ya mdomo wake ikicheka. Alikuwa ananifanyisha kazi ipasavyo, anataka ninyamaze sawasawa, nisikilize. Nilikasirika. "Baba, usinifanyie hivyo, utaniua!" nikamwambia, na alicheka mpaka akakohoa, nami nikaenda kazini nimenuna kama zamani, nimefurahi mno.

Wiki hizi anachelewa zaidi, na hacheki. Namwona akikitafuta chuma kwa kijiko, kinapita hewani, kinarudi. Sijamwambia mtu. Dukani mzee akiniuliza, nasema anaendelea vizuri.

Leo asubuhi niligonga, nikanyamaza. Begi lilikuwa begani. Nje mtu alikuwa anajaza ndoo, maji yakapanda mpaka juu, yakamwagika, bomba likafungwa, nami nilikuwa bado nimesimama na funguo mkononi, sipumui. Kisha kijiko kikapata chuma.

"Haya baba," nikasema. "Nimesikia."

Nikaenda kufungua duka.